Kuku Waliolinda Gitaa

Mjomba wangu hakupenda kuku. Alisema wana macho ya watu wanaosikiliza mambo yasiyowahusu, na kwamba wananya pale pale unapotaka kuweka kiti. Lakini nilipokuwa mdogo uwanja wake, karibu na stesheni ya Kindu, ulijaa kuku kama soko. Jogoo mkubwa kuliko wote alifungwa kamba mguuni mbele kabisa ya mlango, mahali ambapo mgeni asingeweza kupita bila kumwona. Nilikuwa nimekwisha kuota ndevu nilipoelewa kazi ya kuku wale. Walikuwa walinzi. Ndani, nyuma ya pazia, kulikuwa na gitaa.

Kwetu, watu wa upande wa Pangi, mtoto wa dada ni sultani nyumbani kwa mjomba wake. Akifika, chochote ambacho jicho lake limekiona na mkono wake unaweza kukibeba, anakichukua bila kuomba. Mjomba ana haki ya kupiga kelele, kutukana, hata kulia. Hana haki ya kunyang'anya. Kitu kikishavuka ua, kimekwenda. Ukoo wetu uliongeza mipaka kidogo ili wajomba wasife maskini: ziara moja, kitu kimoja, na ziara haiwi mpya mpaka mpwa awe amevuka maji.

Sisi tulikaa Alunguli, ng'ambo ya Lualaba, kwa hiyo maji tulikuwa nayo ya kutosha. Kaka yangu aliwahi kuchukua kuku asubuhi, akapanda mtumbwi, akampa mama, akageuka na mtumbwi ule ule kurudi kumfuata wa pili kabla chakula cha mchana hakijaiva. Mjomba alisimama mlangoni akamtukana kwa Kiswahili, kwa Kilega na kwa Kifaransa, kisha akaingia ndani kumtafutia kamba ya kumfunga yule kuku miguu.

Gitaa lenyewe lilianza vibaya. Mjomba alifanya kazi kwenye treni, zamani treni ilipokuwa ikishuka mpaka Lubumbashi na kurudi. Mama yake, yaani nyanya yangu, alimtuma huko amnunulie cherehani. Nyanya alikuwa amekwisha kununua kitenge chekundu chenye majani ya njano, akakikunja, akakiweka tayari. Siku treni iliporudi alikwenda stesheni mwenyewe, na majirani nyuma yake. Mjomba akashuka na sanduku refu. Akalifungua pale pale chini. Hadithi hii nimeisikia mara nyingi hata najiona nilikuwepo.

"Hii njo cherehani?" nyanya akauliza.

"Mama, ngoja kwanza usikie."

"Nasikia na macho. Sindano iko wapi?"

Mpaka alipokufa hakuliita gitaa. Jioni akitaka muziki angesema, "Weye, lete cherehani yangu, ushone kidogo." Na mjomba angeshona.

Kwa nje ni gitaa la umeme, lina vitufe na sumaku mbili chini ya nyuzi. Lakini si gogo zima kama magitaa mengi ya umeme. Katikati yake umepita mti mgumu kutoka shingoni hadi kitakoni, na pande zote mbili ni tupu, kama ngoma mbili nyembamba zilizobandikwa kwenye ubao mmoja. Juu ya kila upande kuna tundu lililopinda kama mkunjo wa sikio. Nyumbani tuliyaita masikio. Ukigonga katikati kwa kidole, linajibu kwa kifupi, kama mtu asiyetaka maneno. Ukigonga ubavuni, linajibu kama mlango wa nyumba yenye watu. Rangi yake ni ya mawese mapya, ila pale mkono wa mjomba ulipolala miaka na miaka rangi imeondoka na mbao imebaki wazi, laini kama kisigino cha mtoto mchanga.

Na sauti! Gitaa la gogo huongea kama mtu mwenye haraka. Hili huongea kama mtu aliyekwisha kula. Lakini lina tabia yake. Ukilisimamisha karibu na bafle kubwa, lile sanduku la spika, sauti inaingia masikioni mwake, inazunguka tumboni, na lenyewe linapiga yowe ambalo hukuliomba. Mjomba alipigia orkesta ya wafanyakazi wa reli, na siku moja, katikati ya arusi, lilipiga yowe mpaka bibi arusi akaziba masikio. Kesho yake mjomba alichukua kile kitenge cha nyanya, kilichokuwa bado kinasubiri mashine, akakipenyeza kidogo kidogo ndani ya masikio ya gitaa mpaka likatulia.

"Basi," nyanya akasema, "sasa cherehani yangu inavaa nguo yangu."

Ndiyo maana ya kuku. Mjomba alikuwa na dada wanne na wapwa wasiohesabika. Aliweka kuku mbele ili macho yetu yashibe kabla ya kufika kwenye pazia. Na yalishiba, maana mtoto akiona kuku anaona mchuzi.

Kisha vita vikaja Kindu. Wengine wameeleza vizuri zaidi habari za vita, mimi naeleza za uwanja wa mjomba. Treni haikuja tena. Mafuta yakaisha, umeme ukazimika, orkesta ikatawanyika. Chumvi ikawa kitu cha kuhadithiwa. Wapiganaji walikaa porini, askari walikaa mjini, na wote walipenda kuku. Walianza na mitetea, wakamaliza na yule jogoo, kamba na yote.

Nilikuwa na miaka kama ishirini. Nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari na hakuna kitu kilichonisubiri, nikaamua kushuka na mto kwa njia ya Lokandu, nifike Kisangani, na baada ya Kisangani Mungu angeonyesha. Nilivuka kutoka Alunguli kwenda kumuaga mjomba. Nilimkuta ameketi kibarazani, uwanja mweupe, hakuna hata unyoya. Nikaingia ndani kunywa maji. Pazia halikuwepo. Gitaa lilikuwa limeegemea ukuta, linaniangalia kwa masikio yake yote mawili.

Lazima nilikawia, maana mjomba aliniita kutoka nje, sauti imebadilika.

"Mupwa! Maji yamekunywa weye, ao weye umekunywa maji?"

"Nakuja, mujomba."

Nilipotoka nimelishika, alisimama.

"Acha ile. Chukua kofia. Chukua mwamvuli. Chukua mimi mwenyewe, unibebe mugongoni."

"Nimekwisha kuona, mujomba."

"Umeona nini? Nyumba hii haina kitu, hata panya wamehama!"

Nikatembea. Akanifuata akitukana, ukoo wa baba yangu wote, mmoja mmoja, mpaka nikavuka ua. Hapo akanyamaza, kama desturi inavyotaka. Akarudi ndani, akatoka na nyuzi mkononi, zile tulizokuwa tunafumua kutoka kwenye kebo za breki za baiskeli kwa kukosa nyuzi za dukani. Akazitia mfukoni mwangu.

"Ule uzi wa ine uweke mwembamba," akasema. "Uimbe juu. Ukiuweka munene nitasikia kutoka hapa."

Ni namna ya wapiga gitaa wetu: uzi wa nne, ambao kwingine ni mnene na wa sauti ya chini, sisi tunaweka mwembamba, wa sauti ya juu, ili gitaa moja lisikike kama mawili yanayotaniana.

Kabla ya Lokandu nilikuta kizuizi. Vijana wa porini, rika langu, mmoja wao kavaa majani kichwani. Walifungua gunia langu, wakaona vitufe, wakaona waya.

"Mukubwa! Tumekamata foni!"

Foni ni redio ya kupeleka habari mbali, na wakati ule kukutwa na foni ilikuwa kukutwa na kifo chako mwenyewe.

"Si foni, wakubwa. Ni gitare."

"Gitare iko na tundu moja, katikati," akasema mwenye majani. "Hii iko na mbili, kwa pembeni. Unatudanganya?"

"Niacheni nipige."

"Utapiga na umeme gani? Umeme iko wapi hapa?"

Gitaa la gogo lingenimaliza siku ile, maana bila umeme halisikiki zaidi ya mbu. Lakini lile la mjomba lina mbavu tupu. Niliketi kwenye mzizi, nikapiga polepole, na sauti ikatoka, ndogo, ya kutosha watu watano waliokaribiana. Wakakaribiana. Mwenye majani akainama akaweka sikio lake juu ya sikio la gitaa, kama daktari.

"Kweli," akawaambia wenzake. "Iko naimba ndani."

Mkubwa wao akaomba nyimbo za arusi. Nikapiga mpaka vidole vikauma, wakaimba, wakanipa muhogo wa kuchoma. Lakini wakati wa kuondoka mkubwa akakumbuka kazi yake. Akachukua ule waya mrefu wa kuunganisha gitaa na ampli, mashine ya kukuza sauti, akauzungusha mkononi.

"Hii inabaki. Hii njo antena."

Kwa hiyo nilifika Kisangani na gitaa la umeme lisilo na waya, na miezi mingi nililipiga hivyo, kavu, kwenye chumba cha kupanga, karibu na kifua. Naamini hapo ndipo nilipolipenda kweli. Watu wengi huanza na sauti kubwa. Mimi nilianza na ile anayoisikia mpigaji kwa mbavu zake kuliko kwa masikio. Gitaa linapokutetemekea tumboni, hata njaa inapata kitu cha kusikiliza.

Tangu hapo nimezunguka. Kisangani, Bukavu, Kigoma, Lubumbashi, tena Bukavu, kwa sababu miguu yangu huanza kuwasha nikiona dari moja muda mrefu. Nimepiga kwenye baa, kwenye matanga, kwenye mkutano wa wauza sabuni. Nimeacha magodoro, vyungu, na rafiki wazuri. Gitaa sikuliacha. Nilijifunza mahali pa kusimama mbele ya bafle, kiasi cha kugeuza bega ili yowe lisije, na baadaye nikajifunza kuliita yowe lenyewe, kidogo tu, mwisho wa wimbo, na kulikata kabla halijakuwa la utovu wa adabu. Mafundi mjini wameniambia mara nyingi, "Papa, hii ya zamani, uza, ununue mpya." Nawauliza kama wao wameuza baba zao.

Sasa nina miaka arobaini na kitu, na nimerudi Kindu. Nimepanga nyumba si mbali na mto. Umeme unakuja ukipenda. Mjomba bado yuko, mzee, mwembamba, anavaa koti la reli hata kwenye jua, na anakuja kwangu kila siku kusikiliza kama uzi wa nne bado ni mwembamba.

Mwezi uliopita dada yangu aliyeolewa Kalima akapiga simu. Binti yake anashuka Kindu, atalala kwangu siku mbili. "Umuangalie muzuri mupwa wako," akasema. "Anapiga gitare ku korali ya kanisa. Anapiga sana."

Nilikata simu. Mpwa. Anapiga gitaa. Anavuka ulimwengu kuja kwenye nyumba yangu, na mimi ndimi mjomba.

Asubuhi hiyo hiyo nilikwenda soko nikanunua kuku. Nilichagua wanene, wanaong'aa, na jogoo mwekundu ambaye muuzaji mwenyewe alimwogopa. Nikamfunga kamba mguuni mbele ya mlango. Nikatafuta shuka, nikalitundika. Nilikuwa nalinyoosha vizuri mjomba alipoingia uwanjani na fimbo yake. Akaangalia kuku. Akaangalia jogoo. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Karibu ku kazi," akasema.

Binti akafika, mrefu, viatu vyake mkononi kwa ajili ya matope, salamu nyingi kutoka Kalima. Akanywa chai. Akaingia kuweka mfuko wake. Shuka lilikuwa fupi, nasema ukweli. Chini yake kitako cha gitaa kilionekana wazi. Akatoka nje. Akazunguka uwanja mara moja kama mtu anayechagua nguo, akainama, akamkamata mtetea mweusi kwa mabawa, akatoka naye nje ya ua, akarudi.

"Mujomba, huyu njo wangu. Nakwenda kumupika."

Nilipaswa kushukuru. Nilipaswa pia kutukana, kwa adabu. Badala yake nikasikia maumivu fulani, kama mtu aliyefunga mlango kwa mwizi, na mwizi akapita barabarani bila hata kugeuza shingo.

"Hukuona kitu kingine ndani?" nikauliza.

"Ile gitare? Niliona. Iko muzee, mujomba. Sisi ku korali tuko na mpya, nyekundu, ya China."

Akaenda kuchemsha maji. Mjomba alikuwa anakohoa ndani ya koti lake, na haikuwa kikohozi.

Nilikaa nimenuna. Mjomba akaniacha ninune kiasi, kisha akagonga kiti changu kwa fimbo.

"Weye unafikiri siku ile pazia iliondoka yenyewe?"

"Si mlibadilisha na muhogo?"

"Muhogo! Pazia ile ilikuwa chini ya godoro. Niliitoa asubuhi, niliposikia unakwenda. Mutoto wa dada yangu anakwenda mbali na mikono mitupu, na mimi nabaki na gitare nisubiri askari waione?" Akatema mate pembeni. "Kuku wale niliwafuga kwa sababu mulikuwa watoto, mungeivunja. Hakuna muntu anaficha kitu ili kisitafutwe milele."

"Na matusi yote yale?"

"Matusi ilikuwa ya kweli," akasema. "Niliumia sana."

Nikanyanyuka, nikang'oa shuka, nikatoka na gitaa kibarazani. Umeme haukuwepo. Sikuutafuta. Nikapiga kavu, nyimbo zile za arusi za kizuizini, bila kuangalia upande wa jiko. Binti alikuwa ananyonyoa kuku kwenye beseni. Nilisikia mkono wake ukinyonyoa, ukinyonyoa, kisha polepole, kisha nikasikia maji ya beseni yametulia.

Akaja, manyoya ya kuku yamemganda hadi viwikoni.

"Mujomba, inaimba bila umeme?"

"Nawa mikono kwanza."

Akanawa. Akalipakata. Alipofika kwenye uzi wa nne akashtuka, akautafuta tena, akacheka peke yake. Akapiga kitu cha kanisani kwao, na ule uzi ukawa unamjibu kutoka juu, na yeye akawa anaujibu. Anapiga kuliko mimi. Afadhali niandike hivyo mara moja nipumzike. Halafu akachungulia ndani ya sikio la gitaa, akavuta ncha ya kitambaa, chekundu, jani moja la njano.

"Hii ni nini?"

"Hiyo ni nguo ya mama yangu," mjomba akasema. "Inasubiri cherehani."

Tukamsimulia yote, huku kuku akisahaulika kwenye beseni. Alipokwisha kucheka akasimama, na gitaa mkononi, akaangalia ua.

"Mujomba, mimi naona nime..."

"Hapana!" mjomba akapiga fimbo chini. "Ziara moja, kitu kimoja. Umekwisha kuchukua kuku. Na ulimuvusha ua, tuliona na macho."

Binti akaniangalia. Sheria ilikuwa upande wangu kabisa. Ningeweza kunyamaza tu, na kesho yake angepanda pikipiki kurudi Kalima na tumbo la kuku. Niliangalia ile sehemu ya mbao iliyolainika kwa mkono wa mjomba, na kwa mkono wangu.

"Desturi inasema nini juu ya maji?" nikauliza, kama mtu asiyejua.

Mjomba akaegemea fimbo yake. "Muntu akivuka maji na kurudi," akasema, "ni mugeni mupya."

Binti hakusubiri aeleze zaidi. Akaniwekea gitaa mapajani, akachukua viatu vyake, akashuka kwenye mto mbio, na kutoka kibarazani tulimwona akibishana na mwenye mtumbwi, kisha mtumbwi ukaondoka kuelekea Alunguli, yeye amesimama katikati kama chifu, watu wanamfokea akae chini.

Nilikuwa na muda wa kubadilisha mawazo. Nililisafisha gitaa kwa shati langu. Nikakirudisha kile kitambaa ndani vizuri. Nikaleta kiti, nikakiweka mlangoni kabisa, pale jogoo alipokuwa amefungwa, nikaliegemeza juu yake. Kisha nikawafukuza kuku wote, nikawafungia jikoni pamoja na yule mwekundu aliyenidonoa mara mbili, ili macho ya mgeni yasipotee njia.

Akarudi amelowa hadi magotini. Alipita getini, akasalimu upya kama mtu aliyetoka mbali, "Hodi, wajomba," akaangalia kiti, akaniangalia mimi, akabeba.

Nilisimama nikatukana. Nilianza na ukoo wa baba yake, nikaenda kwa wachimba madini wote wa Kalima. Mjomba alinisahihisha pale niliposahau mtu. Binti alitembea polepole kwa heshima, shingo ya gitaa begani, mpaka akavuka ua. Hapo nikanyamaza.

Halafu nikaingia ndani kumtafutia mkanda wa kulibebea.